Miaka 129 ya kumsaka mbandika fosfati

Najua kijiwe kimekuwa kimya wiki tatu hivi, na kuna mshikaji amenitania kwamba bumu limekata ndiyo maana hata intaneti siingii. Bumu limekata kweli, lakini sababu si hiyo. Nilikuwa na aibu tu.

Kisa chenyewe ni hiki. Alhamisi moja nilisimama mbele ya darasa kwenye semina ya baiokemia, mada yangu protini za mfupa. Nikasema kwa kujiamini kabisa kwamba zile fosfati zilizoko kwenye protini za mfupa hubandikwa na kimeng'enya kinachoitwa kaseini kinasi ya pili. Nilikuwa nimedesa mahali, sikujiuliza mara mbili. Jina lenyewe si linasema? Kaseini ni protini ya maziwa iliyojaa fosfati, kinasi ni kibandika fosfati, basi kaseini kinasi ndiyo hiyo hiyo. Dokta akanisubiri nimalize, akavua miwani, akaniuliza swali moja tu: "Kijana, huyo kinasi wako anakaa wapi ndani ya seli, na hiyo protini inapita njia gani? Wanakutana wapi?"

Kimya. Nikatazama ubao, ubao ukanitazama. Jamaa mmoja wa viti vya nyuma akasema kwa sauti, "Wanakutana Mwenge!" Darasa likafa kwa kicheko. Dokta mwenyewe akacheka, kisha akaniambia nikae, nikasome, nirudi Alhamisi nyingine.

Basi nikapiga msuli. Na nilichokikuta huko, wadau, ni hadithi nzuri kuliko filamu nyingi tunazoangalia rumu. Kumbe swali la Dokta liliwasumbua watu wazima wenye maabara zao kwa zaidi ya miaka mia. Ngoja niwasimulie, halafu mtaniambia kama aibu yangu ilikuwa ya peke yangu.

Kwanza kidogo kwa wale wa sheria na biashara mnaopita hapa. Protini ni mnyororo wa vipande viitwavyo asidi amino. Kimojawapo kinaitwa serini, na serini ina kijimkono pembeni ambacho unaweza kukibandika fosfati. Fosfati ina chaji hasi, kalsiamu ina chaji chanya, kwa hiyo protini yenye fosfati nyingi inavuta kalsiamu kama sumaku na misumari. Mwenye kazi ya kubandika ni kimeng'enya aina ya kinasi, naye fosfati anaitoa kwenye ATP. Mfupa nao, ukiacha kolajeni ambayo ndiyo nondo zake, umejaa madini ya kalsiamu na fosfati. Mwaka 1926 W. F. de Jong aliyapiga eksirei madini hayo akaona mpangilio wake unafanana na ule wa jiwe liitwalo apatiti. Msichanganye mambo hapa: fosfati za kwenye protini si zile zinazojenga jiwe la mfupa. Zile za kwenye protini ni chache, na kazi yake ni kuelekeza jiwe likue wapi, lini, na likomee wapi. Mimi nawaza zege. Saruji unayo, kokoto unazo, lakini pasipo fundi na mbao za kuzuia, zege linamwagika mpaka mlangoni.

Haya sasa, historia.

Mwaka 1883, kule Uppsala nchini Sweden, kemia mmoja aitwaye Olof Hammarsten alikuwa anachunguza maziwa. Akaonyesha kwamba kaseini ina fosforasi ndani yake, na si uchafu uliojishika tu. Hakujua ipo wapi kwenye protini wala imefikaje, na kwa wakati wake asingeweza kujua, maana hata protini ni kitu gani hasa watu walikuwa bado wanabishana.

Halafu kesi ikahamia kwenye yai. Phoebus Levene, aliyezaliwa katika himaya ya Urusi na kufanyia kazi New York kwenye taasisi ya Rockefeller, alikuwa anafuatilia fosforasi ya kiini cha yai tangu 1906 hivi. Ilipofika 1932 alikuwa na kijana mgeni maabarani, Fritz Lipmann, na wawili hao wakafanikiwa kutoa kwenye protini ya kiini cha yai kipande kimoja kidogo safi: serini iliyobandikwa fosfati. Ndiyo mara ya kwanza mtu anakamata kitu chenyewe mkononi. Lipmann huyo ndiye aliyekuja kupata Nobeli mwaka 1953 kwa kazi nyingine kabisa, ya koenzaimu A. Kwa hiyo mnapokula chipsi mayai pale kafeteria, mjue mnatafuna ushahidi namba mbili wa kesi hii. Kiini cha yai kina protini iitwayo fosvitini ambayo karibu nusu ya asidi amino zake ni serini, na nyingi ya serini hizo zimebandikwa. Kifaranga anajengewa mifupa kutoka humo.

Mpaka hapo wanajua fosfati ipo na ipo kwenye serini. Nani ameibandika? Hapo ndipo mambo yalipoharibika, tena yaliharibika kwa sababu ya mafanikio.

Mwaka 1954 George Burnett na Eugene Kennedy walichukua ini la panya, wakatayarisha sehemu yake, wakaipa kaseini, na wakaona kuna kimeng'enya kinachoibandika fosfati. Kaseini waliitumia kwa sababu inapatikana kirahisi na ilishajulikana kuwa inapokea fosfati. Mwaka uliofuata, 1955, kule Seattle, Edmond Fischer na Edwin Krebs wakaonyesha kwamba fosfati inaweza kuwasha kimeng'enya cha msuli kinachovunja glaikojeni, kama swichi. Swichi! Hilo liligeuza baiolojia nzima. Watu wote wakakimbilia ndani ya seli kutafuta swichi, na wakazipata kwa mamia. Fischer na Krebs wakapewa Nobeli mwaka 1992, na haki yao.

Lakini angalieni kilichotokea kwa kaseini. Maabara zikaendelea kuitumia kama chambo. Unasaga ini au figo, unatia kaseini, unaona nani anabandika. Walipatikana wawili wanaobandika vizuri sana, wakaitwa kaseini kinasi ya kwanza na kaseini kinasi ya pili. Majina yakaingia vitabuni. Tatizo ni kwamba vimeng'enya hivyo vinakaa kwenye maji ya seli na kwenye kiini cha seli, na kaseini yenyewe, ile inayotengenezwa kwenye titi la mama anayenyonyesha, haipiti huko kabisa. Inazaliwa na kuingia moja kwa moja kwenye mifereji ya ndani, inapita kwenye vifuko vya Golgi, inafungashwa na kutolewa nje. Ni njia ya utando mwanzo mpaka mwisho, hakuna mlango wa pembeni. Ni sawa na kumkuta mtu siku moja ameshika ufunguo wa jirani, ukamwandika kwenye daftari la mtaa kuwa ndiye mwenye nyumba. Siku hizi wengi wanaandika CK1 na CK2 tu ili kupunguza mkanganyiko, lakini jina likishakaa halitoki. Mimi ni shahidi, jina hilo ndilo lililonikalisha chini mbele ya watu arobaini.

Wapo waliolijua hilo mapema, na hawa mimi nawaonea huruma kidogo kwa sababu kazi yao haikuvuma. Mwaka 1974 Bingham na Farrell, kule Marekani, walichukua tezi ya maziwa ya panya anayenyonyesha, wakatenga vifuko vya Golgi, na wakakuta kinasi humo humo ndani inayobandika kaseini. Hiyo sasa ilikuwa inakaa mahali panapoeleweka! Mwaka 1981 Mercier akatazama orodha ya serini zilizobandikwa kwenye kaseini akaona zina utaratibu: serini, kisha kitu chochote, kisha glutamati, au badala ya glutamati serini nyingine iliyokwisha kubandikwa. Serini, chochote, glutamati. Kama saini. Na miaka ya 1990 kundi la Lorenzo Pinna, chuo kikuu cha Padova nchini Italia, likatengeneza kipande maalumu cha protini cha kuinasia kinasi hiyo ya Golgi, wakathibitisha kuwa tabia yake ni tofauti kabisa na CK1 na CK2.

Fikirieni hali yenyewe. Anwani ya mtu unayo (Golgi). Saini yake unayo. Unajua anapenda manganizi kuliko magnizi. Lakini jina lake hulijui, sura yake hujaiona, na jeni yake hakuna aliyeitia mkononi. Kimeng'enya chenyewe kilikuwa kigumu kusafishwa mpaka kupata kiasi cha kutosha. Kisha mwaka 2002, baada ya jenomu ya binadamu kusomwa, Gerard Manning na wenzake wakachapisha orodha ya kinasi zote za binadamu walizozitambua, 518, zimepangwa kama mti mkubwa wenye matawi. Mtu wetu hamo. Kutwa nzima nimeutazama ule mti, ni mzuri kweli, watu wanaubandika ukutani. Hayumo kwa sababu mfuatano wake umeachana mno na wa kinasi za kawaida, na kompyuta ilikuwa inatafuta sura iliyozoeleka.

Upande wa pili kuna watu wa mifupa na meno, ambao walikuwa na kesi yao bila kujua kwamba ni ile ile.

Robert Robison, London, mwaka 1923, alionyesha kwamba mfupa unaokua una kimeng'enya kinachotoa fosfati kwenye molekuli nyingine, akafikiri ndicho kinacholeta fosfati ya kujenga madini. Kimeng'enya hicho tunakijua leo kama fosfatasi ya alkali, na mwaka 1948 John Rathbun, daktari wa watoto Canada, alieleza mtoto aliyezaliwa bila nguvu ya kimeng'enya hicho, mifupa yake ikashindwa kukomaa. Huyo ni mtoa fosfati. Kuhusu mbandikaji hakuna aliyekuwa na la kusema. Mwaka 1967 Arthur Veis na mwenzake Perry walieleza protini ya dentini, lile tabaka lililo chini ya enameli ya jino, yenye fosfati nyingi ajabu. Baadaye zikaja nyingine: osteopontini, ambayo kwa binadamu imekutwa na sehemu 36 zinazoweza kubandikwa fosfati, DMP1, MEPE na wenzao. Zote zinatolewa nje ya seli zinazojenga mfupa na jino. Zote zina serini nyingi zilizobandikwa. Na ukizichungulia, saini ni ile ile: serini, chochote, glutamati.

Hapa nitatoka nje ya mada kidogo, mnisamehe, lakini hiki kitu kilinifanya niamke kitandani saa sita usiku. Mwaka 2003 Kazuhiko Kawasaki na Kenneth Weiss walionyesha kwamba jeni za kaseini za maziwa, jeni za protini za enameli na jeni za hizo protini za mfupa na dentini ni ukoo mmoja, zimetokana na jeni moja ya kale iliyojirudia rudia, na nyingi kwa binadamu bado ziko kwenye kromosomu ya 4, jirani jirani. Yaani maziwa, jino na mfupa ni ndugu wa tumbo moja! Ukiwaza kikemia inaleta maana. Maziwa yana kalsiamu na fosfati nyingi kiasi kwamba, kama zingeachwa hivi hivi, zingeganda na kuwa mchanga ndani ya titi. Kaseini inazishika kwa zile serini zake zilizobandikwa na kuzifunga kwenye vidonge vidogo visivyoonekana kwa macho. Maziwa yakichacha, asidi inayeyusha madini hayo, vidonge vinalegea na kushikana, unapata mtindi. Bibi yangu anajua kutengeneza mtindi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na nilipomsimulia haya kwenye simu akaniuliza kama ndiyo haya tunayolipiwa ada.

Turudi. Mpaka sasa nimewasimulia kemia, na kemia haina machozi. Sehemu inayofuata inayo.

Mwaka 1989 daktari aitwaye Raine na wenzake watatu, Uingereza, walichapisha ripoti fupi kwenye jarida la jenetiki ya tiba kuhusu kichanga mmoja. Kichwa cha habari kinaanza kwa kusema kwamba ni ugonjwa usiojulikana, halafu kinaorodhesha tu walichokiona: kichwa kidogo, pua ambayo haikukua, macho yaliyotokeza, fizi zilizojaa, kaakaa lililopasuka, masikio yaliyokaa chini, na mifupa migumu kupita kiasi. Ndiyo hivyo, orodha. Huwezi kumlaumu daktari, ukikosa jina unaorodhesha. Lakini nilipoisoma ile orodha nilikaa muda. Kuna mama alibeba mimba miezi yote ile, na kilichobaki kwetu ni mstari mmoja wa koma na koma. Baadaye wakajitokeza wengine katika nchi mbalimbali, ugonjwa ukaitwa wa Raine. Wengi walikufa saa au siku chache baada ya kuzaliwa, maana kifua na njia za pua zilikuwa haziruhusu kupumua vizuri. Familia nyingi wazazi walikuwa na undugu wa damu, dalili kwamba kila mzazi alibeba nakala moja mbovu ya jeni fulani bila kuumwa, mtoto akapata zote mbili.

Jeni gani? Jibu lilikuja 2007. Michael Simpson, Andrew Crosby na wenzao walimpata mtoto mwenye ugonjwa huo ambaye kromosomu yake ya 7 ilikuwa na hitilafu, na hitilafu hiyo ikawaelekeza kwenye ncha ya mkono mfupi wa kromosomu. Walipochunguza jeni za eneo lile kwa watoto wengine wagonjwa, moja ilikuwa imeharibika: FAM20C. Na FAM20C inafanya nini? Jina linawaambia. FAM ni kifupi cha kusema tu "familia ya jeni zinazofanana mfuatano", na 20 ni namba ya foleni. Ni jina unalompa mtu usiyemjua. Watafiti wengine waliikuta kwenye dentini mwaka huo huo wakaiita protini ya dentini namba 4. Mwaka 2009 kundi la Simpson likaripoti watoto waliokuwa na mabadiliko ya jeni hiyo hiyo lakini wakaishi kupita utoto. Kwa hiyo mwaka 2009 ilijulikana kwamba ukiiharibu jeni hii mtoto anakufa au anaumia vibaya, na hakuna aliyejua kazi yake.

Ufunguo ukatoka kwa nzi. Ndiyo, wale nzi wadogo wa matunda. Mwaka 2008 Hiroyuki Ishikawa, Ken Irvine na wenzao walionyesha kwamba protini moja ya nzi iitwayo Four-jointed ni kinasi, na inafanya kazi ndani ya Golgi, ikibandika fosfati kwenye protini zinazoelekea nje. Kinasi ndani ya Golgi yenye sura isiyofanana na zile 518! Na Four-jointed ina ndugu wa mbali kwa binadamu, nao ni familia ya FAM20. Sasa mnaona inapoelekea.

Mwaka 2012 majibu yakatoka mara mbili ndani ya miezi michache. Kule San Diego, Vincent Tagliabracci kwenye maabara ya Jack Dixon, na upande mwingine Ishikawa na Irvine wakiwa pamoja na Manning, yule yule wa mti wa kinasi. Wote wakafika mahali pamoja: FAM20C ni kinasi ya Golgi. Ukiipa kaseini, inaibandika. Inapiga saini ile ile ya serini, chochote, glutamati. Inabandika osteopontini na ndugu zake wa mfupa. Na ukiweka yale mabadiliko yaliyopatikana kwa watoto wa Raine, kubandika kunapungua au kunakufa, au protini inashindwa hata kutoka kwenye seli. Yule mtu asiye na sura wa Bingham na Farrell, wa Mercier, wa Pinna, ndiye yule yule aliyekosekana kwa kichanga wa 1989. Kutoka 1883 mpaka 2012 ni miaka 129.

Nilipofika hapo nilifunga daftari nikatoka nje kuzunguka, umeme wenyewe ulikuwa umekatika Hall nzima.

Sasa kuna jambo linachanganya, na kama kuna mtu wa udaktari anasoma hapa anisahihishe. Kama FAM20C inabandika fosfati zinazosaidia madini, mtu ambaye hana si angekuwa na mifupa laini? Mbona watoto wa Raine walikuwa na mifupa migumu kupita kiasi? Na mwaka ule ule wa 2012 kundi jingine Marekani likachapisha habari za panya walioondolewa jeni hiyo, na panya hao wakapata kinyume: matege, mifupa laini, fosfati ya damu imeshuka. Jeni moja, matokeo mawili yanayopigana ngumi.

Mimi nilivyoelewa ni hivi. Osteopontini iliyobandikwa fosfati ni breki. Inajishika kwenye kioo cha madini kinachoanza kukua na kukizuia. Mwaka 2000 ilionyeshwa kwenye seli za misuli ya mishipa ya damu kwamba osteopontini inazuia chumvi za kalsiamu kujaa pale tu ikiwa imebandikwa, ukiibandua fosfati uwezo huo unapotea. Kwa hiyo ukikosa FAM20C breki zinalegea na madini yanajaa hata pasipotakiwa. Hiyo ni sura ya kwanza. Sura ya pili ni homoni iitwayo FGF23, inayotengenezwa na seli za mfupa na kuiambia figo imwage fosfati kwenye mkojo. Mwaka 2014 Tagliabracci na wenzake walionyesha kwamba FAM20C inabandika fosfati kwenye serini ya 180 ya homoni hii, na fosfati hiyo inazuia sukari isibandikwe jirani yake. Sukari hiyo ni ngao. Bila ngao, mkasi wa seli unaikata homoni na kuimaliza nguvu. Geuza sasa: bila FAM20C, ngao inakaa, homoni haikatwi, figo inaendelea kumwaga fosfati, damu inakaukiwa, mifupa inakosa malighafi. Panya wale walikuwa na FGF23 nyingi, na baadhi ya wagonjwa wa Raine walioishi wamekutwa na fosfati ndogo ya damu vilevile. Yaani mwili mmoja, mahali pengine saruji inamwagika hovyo, na wakati huo huo bohari inavuja.

Ndugu zake FAM20C wana vituko vyao. FAM20B inabandika sukari badala ya protini. FAM20A ndiyo kichekesho: inafanana na kinasi lakini haifanyi kazi ya kinasi, na hata hivyo watu ambao jeni hiyo imeharibika wanaota meno yasiyo na enameli ya maana na figo zao zinajaa chokaa. Mwaka 2015 ikaonyeshwa kwamba inajishika na FAM20C na kuichochea ifanye kazi. Sote tunamjua mtu wa hivyo kwenye kazi za makundi, hashiki kalamu lakini asipokuja hakuna kinachoandikwa.

Na mwaka huo huo wa 2015 kundi la Dixon likaondoa FAM20C kwenye seli za ini na nyingine za binadamu, wakahesabu fosfati zilizopotea kwenye protini zinazotolewa nje. Zaidi ya protini 100 zilikuwa zinaitegemea, na nyingi hazina uhusiano wowote na mfupa. Sehemu kubwa ya fosfati zote kwenye protini za nje ya seli ilikuwa kazi ya kinasi hii moja. Mti wa 2002 una kinasi 518 zinazogawana kazi za ndani, na huku nje karibu mzigo wote ulikuwa kwa mmoja ambaye hata orodhani hakuwemo.

Faida ya haya kwa familia? Ipo moja iliyo wazi. Mwaka 1989 madaktari walikuwa na orodha tu ya kumpa mama. Leo familia iliyompoteza mtoto hivyo inaweza kupimwa jeni, ikajua kilichotokea, na ikajua kwamba katika kila mimba kuna uwezekano wa moja kwa nne. Si dawa. Lakini nafikiri ningekuwa mimi mzazi ningetaka kujua, hata kwa ajili ya kuacha kujiuliza nilikula nini au nani kanifanyia nini.

Basi, Alhamisi hii narudi mbele. Slaidi ya kwanza nimeandika swali la Dokta kama lilivyo: wanakutana wapi? Slaidi ya pili ni picha ya Golgi. Na kwa yule jamaa wa viti vya nyuma, nimetafuta picha ya stendi ya Mwenge, nimeiweka slaidi ya tatu, nimeichora msalaba mwekundu. Semina ni saa nane mchana, ukumbi ule ule, mje na mayai ya kuchemsha kwa ajili ya ushahidi.